Sumu Isiyoonjeka

Mpika busaa hodari, awe Kware, Nairobi, au shambani, hutafuna kimea cha wimbi kabla ya kukitia katika pombe. Kilicho kizuri huwa kitamu. Kinukacho kuvu hutupwa. Unga wa mahindi uliochachuka hukaangwa kwa uangalifu, maana ukiungua pombe huwa chungu.

Lakini ulimi huo hauitambui methanoli, spiriti ya viwandani, kwa kuwa yafanana mno na kileo cha kawaida. Mwezi wa Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru, jirani na Kware, pombe ya kumikumi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100, wengine wakapofuka. Macho yaonapo ukungu, hata kesho yake, mnywaji apelekwe hospitali upesi.