Hita ya Maziwa Imekuwa Nzito? Pima Kwanza Kabla ya Kununua Nyingine



Juzi nilitembelea kikundi cha vijana wanaotengeneza mtindi. Wana tangi la kuta mbili la lita 300: maziwa yako ndani, maji yako katikati ya kuta, na hita ya umeme ya kilowati 12 inachemsha hayo maji. Lilipokuwa jipya, maziwa yalitoka nyuzi joto 25 hadi 85 kwa saa mbili. Sasa wanasubiri saa tatu. Walishaandika maombi ya mkopo wanunue hita kubwa zaidi. Nikawaambia, jamani subirini kwanza, tupige hesabu.

Mzigo wa joto ni nini?

Ni kiasi cha joto ambacho maziwa yako lazima yapate ili yafike nyuzi unazotaka. Hesabu yake ni rahisi: chukua lita, zidisha kwa 4, zidisha kwa nyuzi zinazopanda, kisha gawanya kwa 3,600. Jibu ni uniti za umeme, zilezile za LUKU.

Kwa hawa vijana: 300 × 4 × 60 ÷ 3,600 = uniti 20.

Sasa gawanya kwa saa ulizotumia. Uniti 20 kwa saa mbili ni kilowati 10 zinazoingia kwenye maziwa. Uniti 20 kwa saa tatu ni kilowati 6.7 tu. Umeona hapo? Mzigo haujabadilika, maziwa ni yaleyale. Kilichobadilika ni kasi ya joto kufika. Theluthi moja imepotea njiani.

Imepotea wapi?

Kwenye ukoko. Kila aliyewahi kupika wali anaujua ukoko wa chini ya sufuria. Maziwa nayo yana wa kwao. Yakikaribia nyuzi 70 na kuendelea, protini yake huanza kuvunjika na kushikamana na ukuta, pamoja na madini ya kalsiamu. Maziwa yaliyoanza kuchachuka hushika zaidi. Ukuta ukiwa na moto mkali kuliko maziwa, hali inakuwa mbaya zaidi.

Ukoko huo haupitishi joto vizuri. Milimita 1 tu inazuia joto kama vile umeongeza zaidi ya sentimita 2 za chuma cha pua kwenye ukuta wa tangi. Hapo maji ya katikati yanazidi kupata moto lakini maziwa hayapandi, themostati inazima hita, inawasha, inazima. Unalipia muda na joto linalopotelea hewani. Kwa wanaotumia kuni au gesi, joto lisilopita linatoka na moshi.

Upande wa maji nako kuna chokaa, ileile unayoiona kwenye birika la umeme. Ikiganda kwenye hita, hita inashindwa kutoa joto lake, inajichoma yenyewe ndani na kukatika.

Hatari kubwa kuliko bili

Vijana hawa walikuwa wanasoma kipimajoto cha maji, siyo cha maziwa. Ukoko ukiwa mnene, maji yanaweza kusoma 80 wakati maziwa bado yako chini kabisa. Kuua vijidudu kunataka maziwa yenyewe yakae nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15 kwa mashine za kupitisha. Yasipofika, ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kumfikia mteja wako. Kwa hiyo kipimajoto kiwe ndani ya maziwa, na koroga muda wote.

Namna ya kusafisha

1. Mara tu ukimaliza, suuza kwa maji ya uvuguvugu. Usisubiri yakauke, na usianze na maji ya moto sana, utaupika ukoko ushike zaidi.
2. Zungusha kostiki soda, kilo 1 kwa lita 100 za maji, nyuzi 70 hivi, kwa dakika 20 hadi 30. Hii inatoa protini na mafuta. Suuza vizuri.
3. Angalau mara moja kwa wiki, fuatisha asidi ya kusafishia vyombo vya maziwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Hii inatoa madini. Suuza tena.
4. Upande wa maji, zima umeme kwenye swichi kuu, mwaga maji, loweka kwa siki au asidi ya limau. Ukijaza, tumia maji ya mvua, hayana chokaa.

Angalizo: vaa glavu na miwani. Mimina dawa kwenye maji, usimimine maji kwenye dawa. Usichanganye kostiki na asidi, na asidi isikutane kabisa na dawa ya klorini, inatoa gesi ya sumu. Kostiki inakula alumini, hivyo ni kwa chuma cha pua tu. Na steeliwaya weka mbali, mikwaruzo ndiyo makazi ya ukoko mpya.

Matokeo

Tulisafisha pande zote mbili. Kesho yake maziwa yalifika 85 kwa saa 2 na dakika 10. Maombi ya mkopo wakayaweka kando.

Ungesafisha na muda usibadilike, mwite fundi umeme apime hita, huenda waya mmoja wa ndani umeungua. Hapo ndo ununue.

Anza leo: daftari moja, kila siku andika lita, nyuzi za mwanzo, nyuzi za mwisho na dakika. Dakika zikianza kupanda, ujue ukoko umerudi.