Hayasaka, Fundi Aliyejua Pa Kunyamaza

Msomaji mpenzi, tashkota bila shaka waijua. Ni kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe mfano wa mashini ya taipu, ambacho kwa miaka mingi kimetutumbuiza katika taarabu zetu za mwambao. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kuwa asili ya chombo hicho ni Japani, na kwamba aliyekibuni ni Goro Morita, mjini Nagoya, mwaka 1912? Ndiyo ada yetu wanadamu: tunda twalila, aliyeupanda mti hatumuulizi.

Leo nataka kumzungumzia Mjapani mwengine aliyefikwa na hayo, naye ni Fumio Hayasaka, mtunzi wa muziki wa sinema. Nami sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Filamu iitwayo "Seven Samurai", iliyotolewa mwaka 1954, niliitazama mara mbili nzima, na si filamu fupi, kwani yachukua dakika 207. Ni kisa cha wakulima maskini wanaowatafuta mashujaa saba wawakinge na majambazi. Walioiona "Sholay" ya mwaka 1975 wataitambua nasaba yake. Mara zote mbili nilimsifu mwelekezi wake, Akira Kurosawa, nikamsifu na mchezaji Toshiro Mifune. Jina la Hayasaka lilipita mbele ya macho yangu kama mpita njia asiyeamkiwa.

Mara ya tatu nikafumba macho, nikasikiliza. Ndipo nilipotahayari.

Filamu yafunguka kwa ngoma nzito, zinazotoka chini kama radi ya mbali. Kisha kila kundi la watu lina sauti yake. Wakulima wana mvumo wa sauti za wanaume, kama watu wanaougulia dhiki isiyosemeka. Mashujaa wana mahadhi yao, ambayo tarumbeta huyabeba kwa fahari isiyo majivuno. Hata ukiwa umefumba macho, wajua ni nani aliyeingia.

Basi nikangojea vita vya mwisho. Mvua yanyesha, farasi wakoroga matope, watu wauawa. Nikasema, hapa sasa ngoma zitalia! Wapi! Hazikulia. Hapana tarumbeta, hapana mvumo. Ni mvua, kwato na ukelele wa wanaokufa. Vita vikiisha, wanne kati ya wale saba wamezikwa. Wakulima wapanda mpunga wao kwa nyimbo na ngoma, na hapo makaburini mahadhi ya mashujaa yarudi. Kwa kuwa yalinyamaza wakati wa vita, yanaporudi hukata maini.

Sisi tuliokaa chuoni tulifunzwa na maalimu zetu kwamba msomaji hodari hajulikani kwa uzuri wa sauti peke yake, bali pia kwa kujua pa kuvuta na pa kusimama. Sifananishi maneno matukufu na muziki wa sinema, hasha! Nasema tu kwamba sikio lililolelewa hivyo lilipaswa kuusikia mapema ufundi wa mtu ajuaye kituo.

Hayasaka alizaliwa Sendai mwaka 1914, akakulia Sapporo, kaskazini ya nchi. Mwaka 1939 alikwenda Tokyo kufanya kazi ya sinema. Alikutana na Kurosawa katika filamu ya mwaka 1948, ambayo jina lake kwa lugha yetu ni "Malaika Mlevi". Humo mna jambazi kijana anayeliwa na kifua kikuu. Ameanguka hadhi yake, atembea sokoni akiwa amekata tamaa, na muziki unaotoka katika kipaza sauti ni ule wa "Cuckoo Waltz", wimbo mwepesi wa furaha. Kurosawa amesimulia kuwa yeye mwenyewe aliusikia wimbo huo katika siku za msiba wa babake, ukamzidishia huzuni. Malenga atafahamu mara moja: mwenye msiba humuumiza zaidi kicheko cha jirani.

Miaka miwili baadaye wakatoa "Rashomon", ambayo mwaka 1951 ilipata Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice, na milango ya dunia ikaifungukia sinema ya Kijapani. Hayasaka alimtungia pia Kenji Mizoguchi, mwelekezi wa tabia nyengine kabisa. Katika "Ugetsu" ya mwaka 1953, kisa cha mfinyanzi aliyetekwa na mzuka wa mwanamke, alitumia ngoma na nai za jadi yao hata huwezi kutenga muziki na ukungu. Mwaka 1954, Venice ilitoa Simba wa Fedha wanne. Mmoja ulikwenda kwa "Seven Samurai", mmoja kwa "Sansho Dayu" ya Mizoguchi. Zawadi zilipokewa na waelekezi wawili; muziki ulikuwa wa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mgonjwa. Maradhi ya jambazi wa "Malaika Mlevi" ndiyo yaliyokuwa kifuani mwake. Baada ya jaribio la bomu la haidrojeni kule Bikini mwaka 1954, alimwambia Kurosawa kwamba mtu anayetishwa na mauti hawezi kufanya kazi ipasavyo. Maneno hayo yakazaa filamu ya mzee anayetaka kuhamia Brazili na jamaa zake kwa kuliogopa bomu. Hayasaka hakuimaliza. Alifariki tarehe 15 Oktoba 1955, umri wake miaka 41, na mwanafunzi wake Masaru Sato akaikamilisha kazi. Mwaka 1957 Toru Takemitsu, aliyepata kuwa msaidizi wake, alimtungia muziki wa maombolezo, na muziki huo ndio uliomfungulia Takemitsu njia ya umaarufu ulimwenguni.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Pete ilivikwa, lakini vidole vya wengine. Basi, msomaji, utakapoitazama filamu mojawapo ya hizo, fumba macho robo saa tu, kisha usome majina yote. Na utakapoburudika kwa wimbo wa hapa kwetu, ukishamsifu mtunga shairi na mwimbaji, uliza pia: na mahadhi, ni ya nani?