Mwarobaini Ukiugua, Nani Atautibu?

Pita kwetu Mandera saa saba mchana uone kama utatukuta ndani ya nyumba. Mabati yanachoma, manze. Sote tuko chini ya mwarobaini: hooyo na birika lake la chai, wateja wake, mbuzi wetu, na mimi na simu yangu.

Huu mti asili yake ni kule India, na jina linasema unatibu magonjwa arobaini. Sasa wenyewe unaumwa. Mganga hajigangi. Matawi ya juu yamekauka, na wiki jana moja lilianguka hatua mbili kutoka kwa jiko la chai. Mjomba akasema, "Kata!" Hooyo akamuuliza, "Na wateja wangu wakae wapi?"

Mwaka wa 2020, mugumo wa Waiyaki Way kule Nairobi uliponea msumeno kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Wetu hauna rais. Una mimi, msee aliyeacha chuo.

Basi nikaupima. Kwanza, nilikwaruza gome la kila tawi nililoweza kufikia. Ukiona kijani chini yake, tawi liko hai. Likiwa kahawia na kavu, limekwisha. Pili, nikakadiria hasara. Kama zaidi ya nusu ya matawi yamekufa, mti hauna maisha marefu. Wetu ni kama robo hivi. Tatu, nikadunga shina kwa bisibisi pale chini. Ikizama kama kwenye mkate, au uyoga umeota hapo, mti unaoza na upepo unaweza kuulaza juu ya watu. Huo kata, hata kama unaupenda. Wetu ulikuwa mgumu.

Kwa hivyo tunakata yaliyokufa pekee, na msumeno tunaupangusa kwa jiki kabla ya kuhamia tawi lingine, maana ugonjwa husafiri na chuma. Saruji tuliyomwaga kuzunguka shina tunaivunja ili mizizi inywe. Maji ya udhu yataenda hapo. Mbuzi naye atafungwa kwingine. Amekuwa akitafuna gome na sisi tunamtazama tu.

Na kama haya yote yatagonga mwamba? Tayari nimepanda mche hatua kumi kando. Kivuli hakinunuliwi dukani, unakianza mapema.

Hooyo bado hajaamini. Amehamisha jiko hadi upande wenye majani mabichi, nasi tumemfuata na viti vyetu.