MOSHI HAUNA MPAKA

Wahenga walisema, panapofuka moshi pana moto. Lakini tarehe 7 Juni 2023 watu wa New York, mji mkubwa wa Marekani, waliona ajabu. Mchana kweupe anga iligeuka rangi ya chungwa. Macho yaliwasha, watu wakakohoa. Moshi ulijaa mjini, lakini moto haukuwako.

Basi moto ulikuwa wapi? Ulikuwa nchi nyingine, Kanada, katika misitu ya jimbo la Quebec, mamia ya kilomita kaskazini. Siku chache kabla, radi zilipiga misitu iliyokauka zikawasha mioto mingi. Upepo ukauchukua moshi hadi New York. Mwaka ule misitu ya Kanada iliungua karibu hekta milioni 15.

Safari ya moshi ule ilionekana kwa setilaiti.

Setilaiti ni nini?

Setilaiti ni chombo kilichorushwa juu sana kwa roketi. Nyingi hazina mtu ndani. Hizi tunazozisema hupiga picha za dunia na kuzileta chini kwa mawimbi, kama redio inavyoleta sauti.

Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza iko juu kilomita 36,000. Huzunguka pamoja na dunia, kwa hiyo hutazama upande uleule siku zote. Ni kama mlinzi wa shamba aliyekaa juu ya dungu. Nyingi hupiga picha kila baada ya dakika 10 au 15.

Aina ya pili iko juu kilomita 700 au 800 hivi. Hiyo ni kama mlinzi anayetembea. Hupita mahali mara chache tu kwa siku, lakini huona vizuri zaidi.

Moshi hutambuliwaje?

Wingu ni jeupe na zito. Moshi ni wa kijivu au kahawia, na hutambaa kama mkia kutoka penye moto. Tena setilaiti huona joto, hivyo moto wenyewe huonekana hata usiku.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme ncha ya moshi imesogea kilomita 60 kwa saa 2. Mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa. Mji ulio mbele kilomita 300 utafikiwa baada ya saa 10, kama upepo haukubadilika. Watu wataonywa mapema.

Setilaiti haioni yote

Mawingu huficha moshi. Tena setilaiti hutazama kutoka juu, na moshi ukiwa juu sana hauwafikii watu. Mwishoni mwa Juni 2023 moshi wa Kanada ulivuka bahari hadi Ulaya. Kwa kuwa mwingi ulipita juu, wengi waliona tu jua jekundu. Ndiyo sababu vipimo vya hewa vya chini navyo vinatakiwa.

Na huku kwetu?

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat hutazama Afrika usiku na mchana. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, setilaiti huona mioto maelfu katika Kongo, Angola, Zambia na Tanzania pia. Mingi huwashwa na watu wanaosafisha mashamba. Moshi mwingi husukumwa na upepo hadi bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiseme, "Nachoma shamba langu, moshi utapotea." Moshi haupotei upesi hivyo. Una vumbi laini sana, dogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi. Vumbi hilo huingia ndani ya mapafu. Kitambaa cha kujifunga puani hakilizuii vizuri. Moshi ukitanda, watoto, wazee na wenye pumu wakae mbali nao.

Ya kuzungumza:
1. Kijijini kwenu, upepo wa kiangazi huvuma kutoka wapi?
2. Ukichoma shamba, moshi wako huenda kwa nani?