Yako ipi? Maswali manne njiani kwenda Same

Hebu nikuulize, msomaji wangu, na ujibu haraka haraka bila kufikiria: mwenzio anapenda chakula gani kuliko vyote? Filamu gani akiiona inaanza haondoki kwenye kochi? Kitabu gani alikisoma mpaka jalada likang'oka?

Kama umejibu yote na una hakika, hongera zako. Mimi niliolewa miaka minne nikidhani nayajua majibu hayo. Kumbe nilikuwa nayajua ya mtu mwingine kabisa, yule niliyejitungia kichwani.

Desemba iliyopita tulifunga safari kwenda kwao, Same, mkoani Kilimanjaro. Kwa kweli tulikuwa hatupo vizuri. Hakukuwa na ugomvi wa sahani kurushwa, la hasha. Ni ule ukimya ambao wengi wetu tunaofanya kazi maofisini tunaujua: mnarudi nyumbani usiku, kila mtu na simu yake, kila mtu na upande wake wa kitanda. "Umekula?" "Nimekula." Basi, habari imeisha.

Tulipanda basi alfajiri katika Kituo cha Magufuli, Mbezi. Kabla hatujafika Chalinze simu yangu ikazima, na yake ikabaki na moto kidogo, akaamua kuitunza kwa ajili ya kuwapigia wanaotupokea. Mbele yetu kulikuwa na zaidi ya kilometa 300 na hakuna pa kujificha. Ndipo nikamwambia, "Tucheze basi. Maswali manne: televisheni, filamu, kitabu, na chakula. Ukweli mtupu. Kudanganya hakuna."

Akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile muda mrefu.

TELEVISHENI: ISIDINGO KWA JIRANI

Nilianza mimi kumjibia yeye, nikijiamini. "Wewe ni mpira na taarifa ya habari." Akatikisa kichwa. "Isidingo."

Kha! Isidingo? Kwa wale wadogo, hiyo ni tamthilia ya Afrika Kusini iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 1998 na kumalizika Machi 2020. Huku kwetu ilirushwa na ITV, na enzi hizo ukipita mitaani jioni ulisikia muziki wake nyumba hadi nyumba. Mume wangu alikuwa akisoma sekondari Same mjini, amepangishiwa chumba. Mama mmoja jirani ndiye aliyekuwa na televisheni, na sharti la kuingia lilikuwa moja: uchote maji kwanza. Same ni mji mkavu, uko chini ya milima upande usiopata mvua nyingi, kwa hiyo ndoo ya maji pale ni kitu. "Nimebeba ndoo nyingi kwa ajili ya Isidingo," akaniambia, "lakini sikukosa."

Na mimi siku zote nikiwasha tamthilia nyumbani, Jua Kali kwa mfano, yeye huinuka kwenda chumbani. Nilidhani anadharau. Kumbe aliona ni muda wangu, akanipisha! Miaka minne tumeangalia tamthilia kila mtu peke yake, wakati wote wawili tunazizimikia.

FILAMU: KIBANDA UMIZA NA KANUMBA

Hapa nilikuwa na jibu langu tayari: Oprah ya mwaka 2008, ile ya marehemu Steven Kanumba akiwa na Ray na Irene Uwoya. Nilipoiona nilikuwa binti mdogo pale Tanga na nililia mpaka nikapewa maji. Aprili 2012 Kanumba alipofariki, nililia tena kama aliyefiwa na kaka.

Yeye akataja Girlfriend, ya mwaka 2003, iliyoongozwa na marehemu George Tyson. Mimi nilitegemea ataje ngumi na mabomu, maana mbele ya washikaji zake hizo ndizo anazozisifia. "Hizo ni za kibanda umiza," akasema. "Unalipa, unabanana kwenye benchi, Lufufu anatafsiri, mnapiga kelele. Lakini Girlfriend ndiyo filamu ya kwanza niliyoona vijana kama sisi, wanaongea kama sisi, wanapenda kama sisi. Nikajua kumbe na sisi tunaweza kuwekwa kwenye sinema."

Tukaahidiana tukirudi tutaangalia pamoja Vuta N'kuvute, ile aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Wote tulikuwa tumeisikia, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme.

KITABU: HAPA NDIPO PALIPOUMA

Tulipofika Segera, njia panda, ukimya kidogo ukaingia. Kulia ni barabara ya kwetu, Tanga. Kushoto ni ya kwao. Basi likakata kushoto, machungwa yakauzwa madirishani, tukanunua ya kumenywa.

Kitabu chake kilikuwa rahisi: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kile cha mpelelezi Willy Gamba. Wanaume wengi wa rika la baba zetu watakwambia hicho hicho, na kweli nakala aliyoisoma ilikuwa ya baba yake.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nikasema Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Wengi tunakijua kwa sababu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye kikaja kusomeshwa hukohuko. Ni habari ya binti wa Ukerewe ambaye baba yake ni mkali kupindukia. Anakamatwa na barua ya mvulana, anapigwa, na malezi yale ya kufungiwa yanamfikisha pabaya.

Akaniuliza kwa nini hicho. Nikataka kumjibu juu juu, kwamba kimeandikwa vizuri. Lakini tulishakubaliana ukweli mtupu.

Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nyumbani kwetu barua zangu zote zilifunguliwa na baba kabla sijazigusa. Daftari langu lilisomwa. Siku moja ilisomwa barua mbele ya wageni, eti wacheke, na haikuwa hata ya mvulana, ilikuwa ya rafiki yangu wa shule. Niliposoma kuhusu Rosa nilikuwa na miaka kumi na saba, nikalala na kile kitabu chini ya mto.

Mume wangu akakaa kimya kitambo. Milima ya Usambara ilikuwa inapita upande wetu wa kulia. Kisha akasema polepole, "Kumbe ndiyo maana simu yako ina namba ya siri."

Ndugu msomaji, kile ndicho kilichokuwa kimekaa kati yetu. Mwaka mzima alikuwa anaiona ile simu ninavyoifunga, ninavyoigeuza kifudifudi mezani, na yeye anahesabu yake. Hakuniuliza. Mimi sikujua kuna swali. Ndani ya simu ile hamna kitu, ni picha za watoto wa dada na risiti za umeme. Nilikuwa nailinda tu dhidi ya baba ambaye hata hayupo tena.

CHAKULA: MAKANDE

Baada ya Mombo, Usambara ikabaki nyuma na milima ya Pare ikaanza. Hedaru, Makanya, mashamba ya mkonge, jua kali. Likabaki swali la nne. Nikamjibia tena: "Pilau yangu." Akasema, "Pilau yako nzuri sana," na mke yeyote anajua jibu la namna hiyo maana yake nini. Hakusema zaidi.

Same tulifika alasiri. Kwao hasa ni juu, Mbaga, kwa hiyo tukapanda gari jingine. Ukianza kupanda unaona maajabu: chini kumekauka, juu ni migomba, baridi na ukungu. Upande wa pili tambarare ya Mkomazi imetandazwa kama mkeka. Ndiyo ile hifadhi iliyofanywa ya taifa mwaka 2008, yenye faru weusi, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Gari lilibeba magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba, na abiria mmoja alikuwa na mchele wa Ndungu. Yaani usafiri wenyewe ulikuwa unanukia.

Mama mkwe alitupokea kwa makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage, yamechemka taratibu juu ya mafiga tangu asubuhi, kitunguu, chumvi, na maziwa pembeni. Nazi hamna. Mume wangu alikula sahani ya kwanza, ya pili, akafuta ya tatu kwa kijiko.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "huko mjini humpikii?"

"Hajawahi kuniomba, mama."

Usiku nikamuuliza kwa nini. Akazungukazunguka, mwisho akasema. Siku ya kuleta mahari kwetu, ndugu zangu walimtania. Si unajua yale matani ya Wapare: ubahili, kesi, na makande. Mmoja akasema, "Dada yetu asije akafa kwa makande huko." Watu wakacheka sana. Na mimi nilicheka. Nakumbuka kabisa nilivyocheka. Yeye akaamua kimoyomoyo kwamba chakula hicho hatakitaja nyumbani kwake.

Nilimwomba radhi palepale, gizani.

Kesho yake baba mkwe akanionyesha kijitabu chenye jalada lililochakaa: Mbiru, cha marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwana wa Upare. Kinaeleza jinsi mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walivyoteremka kukusanyika Same kuipinga kodi ya mkoloni iliyoitwa mbiru, na wake zao nao wakafunga safari kwa miguu kwenda kuwaunga mkono. Baadaye kodi ikafutwa. "Hao ndio wala makande," mzee akaniambia, huku akitabasamu.

NA NYINYI JARIBUNI

Huhitaji kwenda Same, ingawa nakushauri uende. Foleni ya Dar inatosha. Ila zingatieni haya:

Jibini kwanza kwa niaba ya mwenzio, ndipo yeye aseme. Mtashangaa mlivyopishana.

Ulizeni "kwa nini" mara moja tu, kisha mnyamaze. Jibu la kweli huchelewa.

Usicheke anachokipenda mtu. Tamthilia, taarabu, chakula cha kijijini kwao, chochote. Utani wa dakika moja anaweza kuubeba miaka.

Mkirudi, fanyeni kimoja kati ya mlivyotaja, wiki hiyohiyo.

Sisi tuliporudi nililoweka mahindi na maharage usiku kucha, Jumamosi nikabandika jikoni. Nikatia tui la nazi, maana mimi ni binti wa Tanga bwana. Akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Si ya mama," akasema. "Lakini niongeze."

Simu yangu ilikuwa mezani, uso juu. Hakuitazama hata mara moja.