Ziba Ufa Kabla ya Masika: Kagua Nyumba Yako Kuanzia Paa Hadi Choo

Katika ukanda wa Pwani, mvua za masika huanza mwezi wa Machi na huwa nyingi zaidi Aprili na Mei. Wiki chache kabla ya hapo, ardhi ikiwa bado kavu, ndio wakati bora wa kurekebisha nyumba. Udongo wa kukandikia hupata nafasi ya kukauka, paa haliteleza, na fundi wa kijijini hajazidiwa na kazi. Anayengoja mpaka maji yamdondokee kitandani hulazimika kupanda juu ya mabati yaliyolowa, na hapo ndipo watu huanguka na kuvunjika.

Makala haya ni ya wakazi wa Kilifi wanaoishi mashambani, iwe Ganze, Magarini, Kaloleni, Rabai au kwingineko, katika nyumba za fito na udongo, za mawe ya matumbawe au za matofali, zilizoezekwa kwa mabati au makuti. Kazi nyingi zilizoelezwa hapa zinahitaji jembe, ngazi, nyundo na siku mbili za Jumamosi. Utaratibu wake ni rahisi kukumbuka: fuata njia ya maji. Anza pale tone la mvua linapoangukia, yaani paani, kisha ushuke nalo hadi ukutani, uwanjani, chooni na kisimani.

Zipo pia kazi chache ambazo hupaswi kuzifanya mwenyewe, hata ukiwa na ujuzi. Tumezitaja kila moja mahali pake, kwa sababu ndizo zinazoua watu.

Paa

Huna haja ya kupanda juu ili kujua paa linavuja wapi. Ingia ndani saa sita mchana, funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Kila penye mwanga ni tundu. Weka alama kwa chokaa au kaa chini yake, ili ukipanda uende moja kwa moja mahali penyewe.

Kwa paa la mabati, tundu nyingi hutokana na misumari. Msumari wa mabati hupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita, na uwe na kofia pana pamoja na mpira wake. Msumari uliolegea ung'olewe na mwingine upigwe palipo na ubao imara. Tundu la zamani lizibwe kwa lami ya kuzibia. Bati lililoliwa na kutu kiasi kwamba linabonyea kwa kidole libadilishwe. Ukinunua jipya, kumbuka kwamba nambari ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28.

Kwa makuti, angalia zaidi kwenye kilele na pembeni, ambako upepo hufunua kwanza. Makuti mapya yachomekwe chini ya yale ya juu, ili maji yashuke kutoka kuti moja hadi jingine bila kuingia ndani. Makuti yaliyooza yakiachwa huozesha pia fito zinazoyashika.

Kuhusu ngazi, kanuni ni hii: ikiwa inaegemea mahali pa urefu wa mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu mmoja abaki chini akiishika. Juu ya mabati, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa maana chini yake ndipo penye ubao. Usipande kukiwa na upepo mkali, umande au radi. Na ikiwa waya wa stima unapita karibu na paa, usipande kabla ya kuzungumza na watu wa stima.

Gata na tangi

Maji ya paani ni mali. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita 48 za mraba, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 huleta lita 960. Hata sehemu moja kati ya tano ikipotea, unabaki na takriban mitungi 38 ya lita 20. Kwa familia inayotembea mbali kutafuta maji, hiyo ni safari nyingi zilizookolewa.

Safisha gata na uondoe majani. Ziinamie upande wa tangi; ukimwaga maji kidogo yaende yenyewe bila kutuama. Acha maji ya kwanza ya mvua, angalau mitungi miwili, yamwagike nje, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Funika mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba ili mbu wasitage mayai. Mbu aenezaye dengi hupenda maji safi yaliyotuama karibu na nyumba. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kama kipimo cha chupa kinavyoeleza.

Kagua pia mahali tangi lilipokaa. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Jukwaa la mbao zilizoliwa na mchwa haliwezi kubeba mzigo huo, na watoto hupenda kucheza chini yake.

Kuta

Methali ya ufa na ukuta haikusemwa kwa mafumbo tu. Ukuta wa udongo hauanzi kuanguka juu. Huanza kulika chini, pale matone ya upenuni yanaporukia. Mwaka huu ni kijishimo, mwakani nguzo ziko wazi, na siku moja usiku ukuta mzima unalala.

Piga magoti utazame sehemu ya chini ya kila ukuta, nje na ndani. Ondoa udongo uliolegea, lowesha mahali hapo, kisha kandika upya kwa tabaka jembamba jembamba, ukiacha kila moja ikauke kiasi kabla ya kuongeza nyingine. Mchanganyiko wa udongo, mchanga, nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe hushika vizuri. Jaribu kwanza sehemu ndogo na usubiri wiki moja. Ikipasuka sana, ongeza mchanga. Ikipukutika, ongeza udongo wa mfinyanzi.

Watu wengi hupiga plasta ya simiti juu ya ukuta wa udongo wakidhani wanauimarisha. Simiti ni ngumu na udongo hujongea kadiri unavyolowa na kukauka, kwa hiyo plasta hupasuka. Maji huingia nyuma yake, hayapati pa kutokea, na ukuta huoza ukiwa umefichwa. Udongo hurekebishwa kwa udongo.

Nguzo nazo zijaribiwe kwa kisu. Kikizama bila nguvu, mbao imeoza au ina mchwa. Kwangua njia za mchwa, na usirundike kuni ukutani, kwani ndizo daraja lao. Usipulize dawa ya shambani ndani ya chumba cha kulala. Sumu hiyo hubaki hewani na kwenye matandiko.

Ufa mwembamba kama uzi si wa kuogofya. Chora mstari wa penseli kwenye ncha yake na uandike tarehe. Ukipita mstari huo baada ya wiki chache, ukuta unatembea. Ufa unaoingia kidole, ukuta uliofura, au mlango ulioanza kukwama ghafla ni dalili kwamba nyumba inasukumika. Hapo hamisheni vitanda kutoka chumba hicho siku hiyo hiyo, mwite fundi, na msirudi kulala mpaka ukuta uegemezwe au ujengwe upya. Usibomoe mwenyewe ukuta unaobeba paa.

Uwanja na mtaro

Ardhi inayozunguka nyumba inapaswa kuteremka kutoka ukutani, angalau sentimita 5 kwa kila mita. Mahali maji yanapotuama, jaza udongo na ushindilie. Ukichimba mtaro, uwe mbali na ukuta kwa mita 1 au zaidi. Mtaro uliochimbwa kando ya msingi huudhoofisha. Maji yaelekezwe kwenye migomba au shamba, si kwa jirani wala chooni. Mkigombania njia ya maji, mzee wa kijiji au chifu huweza kuwapatanisha kabla mvua haijaamua yenyewe.

Tazama juu pia: tawi kavu, mnazi ulioinama juu ya nyumba. Kukata mti ulio karibu na nyumba au waya ni kazi ya mtu mwenye uzoefu na kamba, si ya kijana mwenye panga.

Choo na kisima

Choo cha shimo huporomoka mvua zinapolainisha kingo zake. Kagua sakafu kwa kuigonga kwa fimbo ukiwa mlangoni kabla ya kuikanyaga. Sakafu ya magogo ikisikika kuoza, kifunge choo hicho na mtumie kingine hadi kitengenezwe. Inua udongo kuzunguka shimo ili maji ya uwanjani yasiingie. Shimo likibakiza nusu mita kujaa, lifukieni na kuchimba jipya. Choo kipya kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kama kuna mteremko, kiwe upande wa chini wa kisima.

Kisima kiwe na ukingo ulioinuka na kifuniko imara ambacho mtoto hawezi kukisogeza.

Na hapa ndipo penye onyo kubwa kuliko yote katika makala haya. Usiingie katika shimo la choo, kisima au tangi la chini ya ardhi kulisafisha au kuokoa kitu kilichoanguka. Ndani yake huwa na gesi zenye sumu au hewa isiyotosha kupumua, na mtu huzimia kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Misiba ya namna hii mara nyingi huwa na maiti zaidi ya moja: wa kwanza akianguka, ndugu yake hushuka kumtoa, kisha jirani. Mtu akizimia humo, asishuke mwingine. Mvuteni kama tayari amefungwa kamba, kisha pigieni simu msaada. Vilevile, mashine ya petroli ya kuvuta maji isishushwe kisimani, kwa kuwa moshi wake hujaza shimo kwa gesi ya sumu na kubaki humo hata mashine ikizimwa.

Moto na stima ndani ya nyumba

Mvua ikinyesha, jiko huhamia ndani. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Chumba kikifungwa kwa sababu ya baridi, waliolala hawaamki. Jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana limezima. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja ni dalili. Tokeni nje mara moja na mwende hospitalini. Wanaopikia chini ya makuti waweke ndoo ya mchanga au maji karibu.

Kwa wenye stima, paa linalovuja juu ya swichi au waya ni hatari. Zima swichi kuu, usiguse ukuta uliolowa, na uite fundi mwenye leseni ya EPRA. Waya ulioanguka nje usikaribiwe. Kaa mbali kwa mita 10 au zaidi, zuia watoto na mifugo, na upigie Kenya Power nambari 97771.

Nani wa kuombwa msaada

Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako na afisa wa afya ya umma wanaweza kukuelekeza mahali pa kuchimba choo na jinsi ya kutibu maji. Nyumba iliyo katika hatari ya kuanguka, hasa ya mzee anayeishi peke yake au mtu mwenye ulemavu, iripotiwe kwa mzee wa kijiji au ofisi ya msimamizi wa wadi mapema, wala si usiku wa mvua. Kwa dharura, piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Ukimaliza nyumba yako, pitia kwa jirani asiyeweza kupanda ngazi. Kutafuta tundu za paa mchana wa jua ni kazi ya nusu saa, na mvua ya usiku ikija, nyinyi wawili mtalala.