Nyaya Haziungani Watu Wasipopatana

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, lakini ni wachache wetu waliodhani kwamba ingekuja kufaa kueleza safari ya barua pepe. Hadi mwishoni mwa mwaka 2000, mwalimu wa Embakasi aliyemwandikia mwenzake wa Buruburu, ikiwa wawili hao walihudumiwa na kampuni tofauti za intaneti, aliituma barua yake ng'ambo kwanza kwa njia ya setilaiti, ndipo irudi Nairobi. Jirani alikuwa karibu kwa miguu, lakini mbali kwa mtandao. Kampuni hizo zilikuwa katika jiji moja, ila hazikuwa na mahali pa kukutania.

Mahali pa namna hiyo ni kituo cha makutano ya mitandao. Kwa umbo lake si kitu cha ajabu: ni chumba chenye umeme wa kutegemewa na swichi ambayo kila kampuni huchomeka waya wake. Manufaa yake yanaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Kampuni 10 zikitaka kila moja iunganike moja kwa moja na kila nyingine, zitahitaji nyaya 45. Zikikutana kituoni, 10 zinatosha. Data ya humu nchini hubaki humu nchini, na fedha zilizokuwa zikilipwa ng'ambo kwa safari isiyo na faida huokolewa.

Kituo cha kwanza cha Kenya, kiitwacho KIXP, kilifunguliwa Nairobi mwezi wa Novemba 2000 na kampuni zilizoungana katika chama chao, TESPOK. Hakikudumu hata mwezi. Telkom Kenya, iliyokuwa wakati huo na haki ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Katika muda wa majuma mawili Tume ya Mawasiliano iliamua kwamba kituo hakina leseni, ikaamuru kifungwe. Yalifuata mabishano, mashauriano na vitisho vya kwenda mahakamani kwa takriban mwaka mzima. Leseni ilitolewa Novemba 2001, na katikati ya Februari 2002 kituo kilianza kazi upya kikiwa na kampuni tano.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, na kisa hicho nakisoma kwa macho ya taaluma yangu. Swichi haikuwa na kasoro, wala nyaya hazikukatika. Ugomvi wote ulikuwa juu ya maana. Je, kukutanisha data ya Embakasi na ya Buruburu katika chumba kimoja cha Nairobi ni kusafirisha mawasiliano ya kimataifa? Waliojibu ndiyo walikifunga kituo. Waliojibu la ilibidi watafute maneno ya kuwaeleza maafisa, ambao walikuwa hawajawahi kukiona kitu kama hicho, kwamba mawasiliano hayo hayavuki mpaka wowote. Mwaka mzima ulipotea katika kufafanua istilahi.

Maelewano yalipopatikana, matunda yake hayakukawia. Utafiti uliotolewa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa data kusafiri kati ya mitandao ya Kenya ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa kati ya 2 na 10. Ripoti yao ya mwaka 2020 ilieleza kwamba sehemu ya data iliyopatikana humu nchini, badala ya kuagizwa kutoka nje, ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70.

Sasa tujiulize: kazi hii hujifunzwa wapi? Sehemu yake ya ufundi imo vitabuni. Sehemu iliyobaki ni ya kujuana, kuaminiana na kutimiza ahadi. Mwaka 2011 shirika la Packet Clearing House lilichunguza makubaliano zaidi ya 142,000 ya kubadilishana data duniani, likakuta kwamba hata 1 katika kila 100 hayakuwa na mkataba rasmi ulioandikwa. Mengine yote yalisimama juu ya neno la mdomo na desturi ya wanataaluma. Elimu ya aina hiyo haipatikani kwa kukariri. Hupatikana kwa uanagenzi, yaani kwa kuketi na wanaojua, kuwasikia wakijadiliana, na hatimaye kujadiliana nao.

Ndiyo maana nauthamini ufadhili wa mafunzo kwa vijana wa fani hii. Kongamano la Afrika la makutano ya mitandao, lijulikanalo kama AfPIF, lilifanyika kwa mara ya kwanza hapa Nairobi mwezi wa Agosti 2010, na mwaka 2016 likafika Dar es Salaam. Internet Society, iliyolianzisha, imewahi kuwafadhili baadhi ya washiriki ili wahudhurie. Hilo ni jambo la heri. Swali langu ni moja tu: mlango huo unaonekana kutoka Tassia?

Msomaji anayeijua Tassia anajua ninachokisema. Majengo ya orofa yamebanana, na kati ya paa na paa zimetandazwa nyaya za intaneti kama kamba za kuanikia nguo. Wanaozitandaza ni vijana, wengi wao waliomaliza shule juzijuzi. Siku moja nilimwuliza mmoja wao waya wake unaishia wapi. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mimi naufikisha kwenye lile jengo la kona. Kuanzia pale ni mambo ya wakubwa." Kijana huyo ana mikono ya fundi na hana woga wa kimo. Ambacho hajapewa ni habari kwamba hayo "mambo ya wakubwa" ni taaluma ambayo hata yeye anaweza kuisomea.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiingereza kimeipa kazi ya kubadilishana data bila malipo jina linalotokana na dhana ya hirimu, watu wa rika na hadhi moja. Jina hilo lina mantiki, lakini pia lina ubaguzi ndani yake, kwa kuwa mkubwa anaweza kumwambia mdogo, "Wewe si hirimu yangu." Mimi napendekeza tuiite ujirani wa mitandao, na ile njia ya kulipia tuiite upitishaji. Jirani si lazima awe sawa nawe kwa mali. Mnapakana, mnaombana chumvi bila kuandikiana hati, na kila mmoja anajua wajibu wake. Kampuni ndogo ya Tassia haiwezi kudai kuwa hirimu ya kampuni kubwa ya simu, lakini ujirani inaweza kuudai.

Watakuwepo watakaosema kwamba mitambo hii huamrishwa kwa Kiingereza, na kwamba makongamano yake hayaendeshwi kwa Kiswahili. Ni kweli, wala sitaki amri za mitambo zitafsiriwe. Lakini mwanagenzi akirudi nyumbani ataongea na mwenye jengo anayekataa waya upite kwenye paa lake, na fundi atakayemrithisha kazi. Hao wataelewa kwa Kiswahili au hawataelewa kabisa. Mwaka 2001 tulijifunza gharama ya mambo kutoeleweka.

Basi nawaomba wanaotoa ufadhili huo mambo mawili. La kwanza, wawatafute wanagenzi katika mitandao midogo ya mitaa kama Tassia, wasingoje barua za maombi kutoka ofisi kubwa peke yake. La pili, kila anayefadhiliwa apewe sharti la kufundisha: arudi na somo moja alilolitayarisha kwa Kiswahili, alitoe katika shule ya sekondari iliyo jirani naye. Nanyi walimu wenzangu wa Kiswahili, somo hilo likija, msimwachie mwalimu wa tarakilishi peke yake. Ketini na wanafunzi, yasikilizeni maneno anayoyatumia mgeni wenu, na pale anapokwama kwa kukosa neno, msaidieni kulitafuta.